Nürnberg, Köln au Strasbourg: soko lipi la Krismasi kwa safari ya siku moja na watoto wadogo?

Novemba ikifika katikati, Waswahili walioko Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji huanza kuulizana swali lile lile: mwaka huu watoto tuwapeleke soko gani la Krismasi? Majina matatu hayakosi kutajwa: Nürnberg, Köln na Strasbourg. Ushauri wa rafiki asiye na mtoto mdogo hausaidii sana hapa, kwa sababu yeye anakumbuka taa na nyimbo, ilhali mzazi anahitaji kujua choo kiko wapi, kigari kitapita au hakipiti, na mtoto ataota moto mahali gani vidole vikianza kuuma.

Ulinganisho huu ni kwa familia yenye watoto wa kati ya mwaka mmoja na minane hivi, inayokwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Saa zote zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili, kwa hiyo saa nne asubuhi ndiyo 10:00 ya ratiba ya treni.

Vigezo tunavyotumia

Taa si kigezo, kwa kuwa zipo kote. Mtoto mdogo anastahimili vibanda na umati kwa saa mbili, au tatu akiwa ameshiba na miguu yake mikavu. Muda uliobaki wa siku unaamuliwa na mambo yanayolizunguka soko, na hayo ndiyo tunayoyapima:

Kwanza, kufika: muda kutoka mlango wa nyumbani hadi kibanda cha kwanza. Kwa watoto chini ya miaka mitano, safari inayozidi saa mbili na nusu kwenda pekee inakula siku yote.

Pili, umati na kigari. Mtu mzima huona mapambo juu ya paa za vibanda. Mtoto mwenye urefu wa mita moja huona makoti na mikoba, na vikombe vya mvinyo wa moto hupita usawa wa uso wake.

Tatu, mtoto atafanya nini. Kutazama kunamchosha, lakini akipewa kitu cha kupanda, kuchovya, kuzungusha au kutengeneza, hutulia.

Nne, chakula, hasa kwa familia zisizokula nguruwe wala kugusa pombe.

Tano, choo, nepi na mahali pa joto.

Gharama za sokoni hazitofautiani sana kati ya miji hii, kwa hiyo tunaziweka pamoja mwishoni. Kinachotofautisha bajeti ni nauli.

Nürnberg

Soko la Christkindlesmarkt hufunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio na kufungwa tarehe 24 Desemba mchana. Liko kwenye uwanja wa Hauptmarkt mbele ya kanisa la Frauenkirche, na vibanda vyake vya mbao vyenye paa za kitambaa cha mistari myekundu na myeupe ni 180 hivi. Siku za kawaida hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku.

Kufika. Kutoka München, treni ya mwendokasi huchukua saa moja na dakika chache; treni ya mkoa kupitia Ingolstadt huchukua karibu saa moja na dakika 45. Kutoka Würzburg ni chini kidogo ya saa moja, na kutoka Frankfurt ni saa mbili na dakika chache. Kwa walioko Bavaria, tiketi ya siku iitwayo Bayern-Ticket ndiyo inayookoa fedha, lakini ina mtego: Jumatatu hadi Ijumaa haianzi kufanya kazi kabla ya saa tatu asubuhi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu huanza usiku wa manane. Kutoka stesheni kuu hadi Hauptmarkt ni mwendo wa robo saa kwa mtu mzima, na dakika 25 ukiwa na mtoto anayesimama kila dirisha. Njia fupi ni treni ya chini ya ardhi ya U1, kituo kimoja tu hadi Lorenzkirche.

Umati na kigari. Hapa ndipo Nürnberg inapodai uvumilivu. Soko lote kuu limebanwa kwenye uwanja mmoja, vichochoro kati ya safu za vibanda ni vyembamba, na chini ni mawe yanayotikisa magurudumu madogo. Jumamosi kuanzia saa nane mchana kigari hakipiti, bali kinasukumwa na umati. Siku ya ufunguzi uwanja hujaa kabisa kwa ajili ya Christkind, msichana wa miaka 16 hadi 19 anayechaguliwa kila miaka miwili kulifungua soko kutoka roshani ya kanisa. Mwenye mtoto mdogo aikwepe siku hiyo. Christkind hurudi kulitembelea soko siku nyingine nyingi za katikati ya wiki, na hapo watoto humwona kwa karibu zaidi. Mwaka 2019 alichaguliwa binti ambaye baba yake ni mzaliwa wa India. Akashambuliwa mitandaoni kwa sababu ya asili yake, na mji ukamsimamia. Kwa mzazi Mwafrika anayemlea mtoto Ujerumani, hilo ni jambo jema la kulijua kabla mtoto hajauliza nani anaruhusiwa kuvaa taji la Christkind.

Mtoto atafanya nini. Katika kigezo hiki Nürnberg ina nguvu kuliko miji miwili mingine. Mwendo wa dakika mbili tatu kutoka soko kuu, kwenye Hans-Sachs-Platz, kuna soko la watoto peke yao, Kinderweihnacht. Lina bembea la kuzunguka la ghorofa mbili, gurudumu la kupanda na kitreni, na kuna vibanda ambamo watoto hutengeneza mishumaa au kuoka biskuti. Nafasi ya kupita ni kubwa kuliko soko kuu. Anza huko, kisha nenda Hauptmarkt kwa muda mfupi tu. Wazazi wengi hufanya kinyume, wakafika kwenye bembea mtoto ameshachoka na analia.

Saa sita kamili mchana, juu ya mlango wa Frauenkirche, saa ya kale hutoa sanamu za wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme, wakimzunguka Kaisari Karl IV. Utaratibu huo ulianza mwaka 1509, hauna malipo na huisha kwa dakika chache. Simameni dakika kumi kabla, mtoto akiwa mabegani. Kando ya uwanja huo kuna chemchemi ya Schöner Brunnen, ambayo uzio wake wa chuma una pete ya shaba inayozunguka. Wenyeji huizungusha wakinuia jambo. Na kuna raha moja isiyo ya Krismasi kabisa: treni za chini ya ardhi za U2 na U3 hazina dereva. Mtoto akikaa kiti cha mbele kabisa huona njia yote kama anaendesha yeye.

Chakula. Soseji ndogo za Nürnberg, tatu ndani ya mkate, ni za nguruwe, na ndizo zinazouzwa kila kona. Familia ya Kiislamu isitegemee kupata soseji nyingine kwa urahisi. Lebkuchen, mkate mtamu wa viungo, ndio zawadi ya mji huu. Aina bora, Elisenlebkuchen, ina kokwa zisizopungua robo ya uzito na unga usiozidi asilimia 10, na harufu ya karafuu, mdalasini na iliki haitamshangaza mtu wa pwani. Mtoto mwenye mzio wa lozi au kokwa asiguswe na hiyo.

Choo na joto. Makumbusho ya reli ya DB Museum yako karibu na stesheni kuu, kituo kimoja kwa U2 au U3 hadi Opernhaus. Kuna nakala ya Adler, garimoshi la njia ya kwanza ya Ujerumani kati ya Nürnberg na Fürth mwaka 1835, na sehemu maalumu ya watoto ya kucheza. Choo ni safi, ndani kuna joto, na mnaweza kukaa saa mbili bila mtu kuwasumbua. Kwa kawaida hufungwa Jumatatu, kwa hiyo angalieni siku. Karibu zaidi na soko, kwenye Karlstraße, kuna makumbusho ya vitu vya kuchezea.

Inawafaa watoto wa miaka mitatu hadi minane, na familia zinazoweza kwenda siku ya kazi. Haimfai mwenye mapacha kwenye kigari kipana anayeweza kwenda Jumamosi tu.

Köln

Köln haina soko moja. Ina kadhaa, yaliyotawanyika katikati ya mji, na hiyo ni faida na hatari yake. Lililo maarufu liko Roncalliplatz, chini ya kanisa kuu lenye minara ya mita 157. La pili, Heinzels Wintermärchen, liko Alter Markt na Heumarkt. Mengine ni soko la malaika Neumarkt, kijiji cha Nikolaus Rudolfplatz, na soko la bandarini kando ya makumbusho ya chokoleti.

Kufika. Hakuna mji katika hii mitatu unaofikika kirahisi hivi. Ukitoka mlango wa stesheni kuu, kanisa liko mbele ya macho, na soko liko upande wake wa pili, dakika tano. Kutoka Bonn au Düsseldorf ni nusu saa hivi. Kutoka Aachen karibu saa moja. Kutoka Frankfurt kwa treni ya mwendokasi ni saa moja na kidogo. Kutoka Brussels ni chini ya saa mbili. Kikwazo ni ngazi pana kati ya stesheni na uwanja wa kanisa. Watu wawili wanabeba kigari bila shida, lakini mzazi aliye peke yake na watoto wawili ahesabu hilo mapema.

Umati na kigari. Uwanja wa kanisa kuu una sakafu laini, kigari kinateleza vizuri. Alter Markt ni mawe na kona nyembamba. Jioni za Alhamisi hadi Jumamosi masoko haya hujaa vikundi vya watu wazima waliokuja kunywa, na kuanzia saa kumi na mbili jioni si mahali pa mtoto wa miaka miwili. Asubuhi ni mji mwingine kabisa: masoko mengi hufunguliwa saa tano, na saa ya kwanza mna nafasi ya kupita na kuongea na wauzaji.

Kosa linaloharibu siku nyingi Köln ni kutaka kuyaona masoko yote matano. Kwenye ramani yako karibu karibu. Kwa miguu ya mtoto, baridi ikiwa nyuzi tatu na mvua nyembamba ikinyesha (Köln hupata mvua kuliko theluji), kila mita mia tano ni safari. Chagueni mawili. Njia inayofanya kazi ni hii: Roncalliplatz kwanza, kisha chemchemi ya Heinzelmännchen iliyo hatua chache kusini mwa kanisa, kisha Alter Markt na Heumarkt, halafu kando ya mto Rhine hadi makumbusho ya chokoleti. Yote haizidi kilomita mbili, na inateremka kuelekea mtoni. Kurudi, kuna kitreni cha matairi kinachounganisha masoko, na watoto wengi hukikumbuka kuliko soko lenyewe.

Mtoto atafanya nini. Heinzelmännchen ni vijitu vya hekaya ya Köln vilivyokuwa vikifanya kazi zote za mji usiku watu wakiwa wamelala, hadi mke wa fundi cherehani alipomwaga mbaazi ngazini ili vianguke avione. Vikaondoka vyote na havikurudi. Mwambieni mtoto hadithi hiyo kwenye treni, kisha mpeni kazi ya kuvitafuta kwenye soko la Alter Markt, ambako vimechongwa na kupambwa kwenye vibanda. Nusu saa nzima inapita bila malalamiko. Heumarkt kuna uwanja mkubwa wa barafu wenye viatu vya kukodi. Kwa mtoto chini ya miaka minne viatu vya saizi yake vinaweza kukosekana, na bila glavu haingii. Kwa mkubwa wa miaka sita na kuendelea ndicho kivutio cha siku, na uwanja huo kwa kawaida huendelea hadi mwanzoni mwa Januari, baada ya soko la kanisa kuu kufungwa tarehe 23 Desemba.

Chakula. Hapa asiyekula nguruwe anapumua. Chakula cha mji ni Reibekuchen, viazi vilivyokunwa na kukaangwa mafutani hadi vikakauka kingo, vikaliwa na rojo ya tufaha. Watoto hula bila kubembelezwa. Ulizeni kama mafuta ni ya mimea na kama kikaango hakikaangi kitu kingine. Kuna pia samaki wa kukaanga na viazi vya kuoka.

Choo na joto. Kanisani mnaingia kujikinga na upepo, lakini si pa joto, na misa ikianza mnaombwa kutoka. Mahali pa kweli ni makumbusho ya chokoleti: kuna chemchemi yenye kilo 200 za chokoleti, na mhudumu huchovya biskuti na kumpa mtoto. Tiketi nunueni mtandaoni kabla, kwa sababu wikendi za Desemba foleni huwa nje kwenye upepo wa mto. Kwa nepi, maduka ya dm, Köln na kwingineko Ujerumani, huwa na meza ya kubadilishia mtoto pamoja na nepi na tishu za maji bila malipo. Hifadhini maduka mawili yaliyo karibu na njia yenu kwenye simu kabla ya kuondoka.

Inawafaa wenye watoto wachanga na watoto wa rika tofauti, na wanaotaka kuweza kurudi nyumbani ghafla. Mambo yakiharibika, treni haiko mbali.

Strasbourg

Soko la Strasbourg, Christkindelsmärik, ni la tangu mwaka 1570. Limeenea juu ya Grande Île, kisiwa cha mji wa kale kilichozungukwa na mto Ill: Place Broglie, mbele ya kanisa kuu, Place Kléber penye mti wa karibu mita 30 kutoka milima ya Vosges, na viwanja vingine vidogo. Huanza wiki ya mwisho ya Novemba.

Kufika. Kutoka Paris kwa treni ya mwendokasi ya TGV ni saa moja na dakika 45 hivi, kutoka Stuttgart saa moja na dakika 20, kutoka Karlsruhe dakika 40, na kutoka Basel karibu saa moja na robo. Anayetoka Ujerumani kwa gari aliache Kehl, kisha avuke mto Rhine kwa tramu ya D, dakika 20 hivi hadi katikati. Upande wa Ufaransa kuna maegesho ya nje ya mji ambayo malipo yake yanajumuisha tramu ya kwenda na kurudi kwa watu wote wa gari hilo, hadi saba. Msijaribu kuingia katikati kwa gari.

Suala la karatasi halina mchezo. Mpaka huu uko ndani ya Schengen, lakini polisi hukagua, na Ujerumani iliurudisha ukaguzi wa mpaka huu Septemba 2024. Kila mtoto awe na pasipoti au kitambulisho chake, na kibali cha ukaazi kiwe mkononi, si picha kwenye simu. Bibi aliyekuja kuwatembelea kwa viza ya Schengen anaweza kuvuka. Mtu ambaye bado yuko kwenye utaratibu wa ukimbizi Ujerumani, mwenye Aufenthaltsgestattung, au ambaye kuondolewa kwake nchini kumeahirishwa tu, mwenye Duldung, asivuke: karatasi hizo hazimruhusu kuingia Ufaransa. Kwa familia hiyo jibu ni Köln au Nürnberg, na hakuna mjadala.

Umati na kigari. Magari hayaingii kisiwani saa za soko, na hilo ni faraja kwa mwenye mtoto anayekimbia. Mikoba hukaguliwa kwenye madaraja ya kuingilia. Ulinzi umekuwa mkali hasa baada ya shambulio la Desemba 2018. Pangeni mkoba wa mtoto ili ufunguke haraka. Vituo vya tramu vya ndani kama Broglie hurukwa saa za soko, kwa hiyo shukeni mapema mtembee. Mbele ya kanisa kuu ni pabaya zaidi kwa kigari: barabara ya Rue Mercière ni nyembamba na kila mtu anasimama kupiga picha. Place Kléber ni pana na sakafu yake ni tambarare. Ukiwa na kigari, fanyeni Kléber kuwa kambi yenu.

Mtoto atafanya nini. Tuseme ukweli: kwa mtoto wa chini ya miaka minne, Strasbourg ina mengi ya kutazama na machache ya kufanya. Nguvu yake ni mti mkubwa na michezo ya taa giza likiingia, pamoja na nyumba zilizopambwa kwa madubu na nyota, ambazo mtoto wa miaka sita huzishangaa. Safari ya mashua zilizofunikwa za Batorama, zinazoondoka karibu na Palais Rohan, huchukua kama saa moja na dakika 10. Watoto hukaa, huota joto na kuona mji bila kukanyagwa. Wekeni nafasi mapema. Ndani ya kanisa kuu kuna saa ya nyota ambayo mitume wake hupita saa sita na nusu mchana, kwa tiketi. Mtoto wa miaka saba huipenda, wa miaka mitatu huichoka kabla haijaanza.

Chakula. Tarte flambée, mkate mwembamba wenye krimu na vitunguu, kwa kawaida huwekwa vipande vya nguruwe, kwa hiyo ombeni ya jibini au uyoga, mtazame ikitayarishwa. Biskuti ndogo za bredele hufaa kubeba. Vinywaji vya moto visivyo na pombe hapa ni maji ya tufaha au ya machungwa yenye viungo, na kwa ladha yetu yanashinda vinywaji vya watoto vya Ujerumani, ambavyo mara nyingi huzidi sukari.

Choo na joto. Kisiwani vyoo ni vichache ukilinganisha na umati. Mpelekeni mtoto chooni kila mnapoingia mkahawani au kushuka mashua, hata akisema hataki. Kwa joto la saa mbili tatu, nje kidogo ya kisiwa kuna Le Vaisseau, kituo cha sayansi cha watoto wa kuanzia miaka mitatu, ambako kila kitu kinaguswa. Hufungwa Jumatatu.

Inawafaa watoto wa miaka mitano na kuendelea, na wazazi wanaotaka nao waone mji mzuri.

Mambo ya kufanya popote mtakapokwenda

Katikati ya Desemba jua huzama kati ya saa kumi na robo na saa kumi na dakika 35 katika miji yote mitatu. Hilo ni bahati kwa wazazi: taa zinaonekana mapema. Mpango unaofanya kazi ni kufika soko linapofunguliwa, kula kabla ya saa sita na nusu, kuingia mahali pa joto saa saba hadi saa tisa (hapo mdogo analala), kurudi sokoni saa tisa na nusu, kuona taa zikiwaka, na kuwa kwenye treni saa kumi na mbili jioni. Wanaofika saa tisa alasiri hukutana na umati ukiwa kwenye kilele chake, na mtoto akiwa amekwishachoka.

Mtoto aliyekaa kwenye kigari hupoa haraka kuliko anayetembea, kwa sababu misuli yake haifanyi kazi. Mwekeeni mfuko wa miguu au blanketi la sufu, soksi mbili na buti zenye nafasi ya vidole, kwani buti zinazobana huzuia damu na miguu huganda. Mtoto wa chini ya miaka miwili na nusu ni afadhali abebwe kwa mbeleko kifuani, koti la mzazi likifungwa juu yake. Anapata joto, na nyote mnapita penye umati. Mkipanda gari, mvueni koti nene kabla ya kumfunga kitini, kwa sababu mkanda hukaza koti na kumwacha mtoto akiwa huru ndani yake.

Vikombe vya vinywaji vya moto hutozwa amana, mara nyingi euro 3 hadi 5 kimoja. Familia ya watu wanne inaweza kushika euro 16 za amana bila kujua. Rudisheni kwenye kibanda kile kile, kwa kuwa miundo hutofautiana. Ujerumani kinywaji cha watoto kisicho na pombe huitwa Kinderpunsch. Tajeni jina hilo wazi, kisha mnuse kabla ya kumpa, maana rangi yake na ya mvinyo wa moto ni moja. Kikombe kipoe dakika tano. Andaeni sarafu za senti 50 na euro 1 za choo.

Bila nauli, watu wazima wawili na watoto wawili watengee euro 60 hadi 80 kwa chakula, vinywaji na michezo, na tiketi za makumbusho au mashua ziwe juu ya hapo. Mkichukua thamosi ya chai na chapati kutoka nyumbani, nusu ya gharama ya chakula inaondoka.

Kwenye treni za Ujerumani mtoto chini ya miaka sita hahitaji tiketi. Wa miaka 6 hadi 14 husafiri bure na mtu mzima kwenye treni za mwendokasi iwapo ameandikwa kwenye tiketi wakati wa kununua, na kusahau kumwandika ndilo kosa linalozua faini. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mkoa na usafiri wa mijini Ujerumani, ni ya mwenye jina lake tu. Haimbebi mtoto wa miaka sita na kuendelea. Ombeni chumba cha watoto wadogo, Kleinkindabteil, wakati wa kuweka nafasi. Tiketi ya bei nafuu imefungwa kwa treni moja, lakini mkitarajiwa kuchelewa kufika kwa dakika 20 au zaidi mnaweza kuchukua nyingine.

Andikeni namba ya simu ndani ya mkono wa koti la mtoto. Kwenye kiganja glavu huifuta. Mkifika tu, muonyesheni kitu kimoja kirefu cha kusimama chini yake akipotea: chemchemi Nürnberg, mti Köln na Strasbourg.

Chagueni kwa hali yenu

Mtoto chini ya miaka miwili na nusu, au mzazi mmoja na watoto wawili: Köln, siku ya kazi, saa tano hadi saa tisa, masoko mawili tu. Msisubiri giza.

Watoto wa miaka mitatu hadi saba, na mnaweza kupata siku ya katikati ya wiki: Nürnberg, mkianza na soko la watoto na kumalizia na makumbusho ya reli.

Mna Jumamosi pekee: Köln asubuhi, au Strasbourg mkiwa mmeshaweka nafasi ya mashua ya saa saba mchana. Nürnberg siku hiyo iacheni, isipokuwa mnaweza kufika saa nne kamili na kuondoka saa saba.

Kuna mgeni wa nyumbani, babu au bibi, anayetaka kuona Ulaya ya picha, na watoto wana miaka mitano kwenda juu: Strasbourg. Hakikisheni pasipoti yake, na mkitoka Ujerumani lalieni upande wa treni badala ya gari, kwa kuwa kusimama kituoni Kehl jioni na upepo wa Rhine ni kugumu kwa mzee.

Familia isiyokula nguruwe na isiyopenda kubeba chakula: Köln. Nürnberg inawezekana mkibeba mlo wa mchana na kununua vitafunwa vitamu tu.

Mvua ya kutwa imetabiriwa: Köln kama mna tiketi za makumbusho ya chokoleti mkononi, Nürnberg kama watoto wanapenda treni. Strasbourg iahirisheni.

Mtoto ana homa au kikohozi kilichoanza jana: hakuna hata moja kati ya haya matatu. Karibu kila mji mdogo wa Ujerumani na Alsace una soko lake la wikendi lenye vibanda ishirini na bembea moja, na kutoka hapo mnarudi nyumbani kwa dakika kumi.